Vyuma Vitatu Mlangoni

Jumatatu, 2 Juni

Yadi imefunguliwa leo. Malori ya mahindi yalikuwa yamepanga foleni hadi nje ya geti, na vumbi lake lilinipokea puani kama mtu tuliyeachana jana. Nimerudi kwenye kazi yangu ya kutundika bitana. Bitana ni mfuko mkubwa wa plastiki wenye ukubwa wa kontena lenyewe. Tunaingia nao ndani bila viatu, soksi tupu, ili tusiutoboe, kisha tunauning'iniza kwenye pete za juu, kona hadi kona, mpaka kontena linakuwa kama chumba kilichopakwa chokaa. Mahindi yanapulizwa humo hivihivi, bila gunia, na huko yanakokwenda wanainua kontena upande mmoja na kuyamimina kama maji.

Kabla ya kazi tulisimama mbele ya ofisi, kama kila mwaka, ili Msimamizi atupe maneno ya usalama. Alisema tuvae kofia. Alisema tusipite nyuma ya foklifti, zile mashine za kunyanyulia mizigo. Kisha akashusha sauti.

"Na mlangoni, jamani, tusifanye kama yule kijana wetu wa mwaka jana, Mungu amrehemu. Pupa tu. Milango yote miwili kwa mpigo. Mnajua kilichotokea."

Yule kijana wetu ni mdogo wangu. Nilikuwa nimesimama mstari wa pili.

Jumanne, 3 Juni

Amerudia. Maneno yaleyale, na "Mungu amrehemu" palepale.

Alhamisi, 5 Juni

Leo pia. Naona itakuwa kila asubuhi msimu mzima, kofia, foklifti, marehemu.

Naandika jinsi mlango ulivyo, maana kichwani mwangu unafunguka na kujifunga hata nikiwa naosha vyombo. Kontena lina milango miwili. Kabla ya kujaza, tunasimamisha ukuta wa turubai nene kwa ndani ya milango, na mbele ya ukuta tunalaza vyuma vitano, kimoja juu ya kingine kwa nafasi, vikashika kwenye mifereji ya pembeni. Vyuma ndivyo vinavyobeba uzito wa mahindi yanayosukuma kuja nje. Milango yenyewe haikuwekwa kubeba kitu. Na ukifungua, unafungua wa kulia peke yake, polepole, wa kushoto ubaki umefungwa.

Kazi hiyo ilikuwa ya mdogo wangu. Mwaka jana, msimu ukielekea mwisho, kontena moja lilizidi uzito kwenye mizani likarudishwa, akaambiwa afungue ili mahindi yapunguzwe. Ukuta ukaachia, mahindi yakamfunika. Mimi sikuwepo, nilikuwa nimempeleka Mama kupimwa macho. Niliporudi walikuwa wameshamtoa, na mahindi yalikuwa yametapakaa uwanjani mpaka kwenye matairi ya malori.

Msimamizi alikuja msibani. Aliketi chini, akamshika Mama mikono yote miwili, akamweleza kwa upole kwamba kijana alifungua milango yote pamoja. Siku ile nilimwona mtu wa heshima.

Na Mama alimwamini. Kwa sababu mdogo wangu, kusema kweli, alikuwa hafungi milango. Tangu mdogo. Mama alikuwa na neno moja kwake kutwa nzima: "Mlango!" Kuku wameingia jikoni, mlango! Mvua imelowesha godoro, mlango! Hata alipoota ndevu, alikuwa anaingia na simu sikioni, mlango nyuma yake unapigapiga ukuta, na Mama anamuuliza, "Vipi, mkia wako bado uko nje?" Yeye anacheka, anageuka kujitazama nyuma kama anautafuta huo mkia, anakwenda kulala. Mlango unafungwa na mimi.

Kwa hiyo Mama alipoambiwa habari ya milango miwili alisema tu, "Ndiye huyohuyo." Hajaongeza neno tangu siku ile. Siku hizi anafunga mlango kwa komeo hata mchana.

Jumatatu, 9 Juni

Aliyewekwa mlangoni sasa tunamwita Baba Mapacha. Mcheshi. Aliponiona alivua kofia, akasema, "Dada, pole. Najua nimesimama mahali pa nani." Kisha akaongeza, "Usihofu, mimi nimebobea kwenye milango. Nyumbani nina watu wawili wanaotaka kuingia chooni na mimi."

Nikacheka. Mara ya kwanza kucheka ndani ya yadi hii.

Jumamosi, 14 Juni

Mvua isiyo ya msimu. Hatukujaza kitu.

Alhamisi, 19 Juni

Vyuma vimeanza kupungua. Vinaondoka na kontena, na huko yanakomiminwa mahindi hakuna anayehangaika kuvirudisha. Kila mwaka ni hivyo, na kila mwaka vipya "vinakuja".

"Leo wekeni vinne," Msimamizi alisema.

"Na cha tano, bosi?" Baba Mapacha akauliza.

"Cha tano kiko njiani."

"Kinakuja kwa miguu?"

Watu wakacheka. Wakaweka vinne.

Jumanne, 24 Juni

Leo nimemuuliza Kimbunga. Ndiye anayeendesha mashine ya kupuliza mahindi, na kelele zake zimemharibu masikio, akizungumza ni kama anagombana. Siku ile alikuwepo. Msibani alibeba ndoo za maji tangu asubuhi hadi jioni bila kuketi, nami nilimweka moyoni kama ndugu.

Nilimfuata wakati wa chakula. "Kaka, wewe ulikuwa karibu. Alifungua milango miwili?"

Akazungushazungusha kijiko kwenye sahani. "Mashine ina kelele sana, dada. Mtu huwezi kuona."

"Kelele inaziba masikio, kaka. Haizibi macho."

Aliinuka akaondoka, chakula kikabaki. Kuanzia leo simwiti kaka.

Jumatano, 25 Juni

Naandika kwa hasira, maandishi yatakuwa mabaya.

Leo Msimamizi aliongeza vitendo. Alipofika kwa "yule kijana wetu" alinyoosha mikono yote miwili akaitanua kwa mpigo, kama mtu anayefungua mapazia asubuhi, ili wageni waelewe. Mmoja nyuma akacheka. Simlaumu yule aliyecheka, amekuja juzi, hajui. Ilichekesha kweli.

Mdogo wangu alikuwa anaogopa mende. Alikuwa anakula ganda la mkate kwanza, sehemu laini anaiweka mwisho. Alinifunga kamba za viatu mwezi mzima nilipovunjika mkono, na kila asubuhi alizifunga fundo la ajabu ambalo jioni ilibidi alifungue yeye mwenyewe. Mtu mzima, mwenye mambo yake. Leo amegeuzwa mchezo wa mikono mbele ya ofisi.

Nilikwenda kumwona Msimamizi mchana. Nilibisha hodi, nikasubiri, nikaingia.

"Bosi, nakuomba usimtaje tena."

"Dada yangu, namtaja kwa nia njema. Kifo chake kinawaokoa wenzake."

"Basi vitaje na vyuma."

"Vyuma gani?"

"Siku ile mlangoni vilikuwa vingapi?"

Alifunika kalamu yake. Alinitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonichoma kuliko chochote. "Una majonzi, dada. Hata mimi ningempoteza ndugu vile, ningetafuta wa kumlaumu. Chukua siku mbili, kapumzike."

Kapumzike! Kana kwamba swali langu ni homa, nikilala itashuka.

Na anajua. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Amefanya kazi mlangoni miaka mingi kabla ya kupewa ofisi, kidole chake kimoja kimepinda kwa kubanwa na komeo la kontena. Angekuwa ametokea mbali, hajawahi kugusa chuma, ningesema hajui. Lakini anajua mahindi yanavyosukuma, anajua cha tano kinabeba nini, na kila asubuhi anamtwisha maiti zigo lake mwenyewe, tena kwa sauti ya kusali.

Sikuchukua siku mbili. Nilirudi nikavaa soksi, nikatundika bitana.

Jumanne, 1 Julai

Vyuma vitatu sasa. Hakuna aliyeuliza. Hata Baba Mapacha hakutania.

Jumatatu, 7 Julai

Malori, malori. Soksi zimetoboka vidole vyote. Kimbunga ananikwepa, akiniona anainama kama ameangusha bolti.

Jumamosi, 12 Julai

Mtoto wa jirani aliingia kuomba chumvi, akaacha mlango wazi. Mama akapaza sauti: "Mlango!" Kisha akajiziba mdomo kwa kiganja. Mtoto alishtuka akakimbia bila chumvi.

Nikaona nijaribu. "Mama, na kama hakufungua miwili?"

"Nani amekwambia?"

"Hakuna. Lakini vyuma..."

"Mwanangu," akanikatiza, "niache na hili nililo nalo. Sasa hivi nina mtu wa kumkasirikia, na ni wangu, nimemzaa, hatanijibu vibaya. Ukininyang'anya huyo, nitamkasirikia nani?"

Nilikwenda kumpelekea mtoto chumvi yake.

Alhamisi, 17 Julai

Nitaandika yote, kwa mpangilio, nisije kesho nikajiambia nimeota.

Baada ya chakula kontena moja lilirudishwa kutoka mizani. Limezidi uzito. Ni letu, bitana nilitundika mimi, na mlangoni vilikuwa vyuma vitatu. Dereva alikuwa anapiga honi, anapiga honi, meli haimngojei mtu. Msimamizi alitoka ofisini bila kofia.

"Fungua wa kulia, punguza kidogo, aondoke."

Nilikuwa natoka kwenye kontena la pili, viatu mkononi. Nikaangalia ile milango. Mpira unaoziba mahali milango inapokutana ulikuwa umetokeza nje, umevimba kama mdomo uliopigwa. Mahindi yalikuwa yameshaegemea.

Baba Mapacha alining'inia kwenye mkono wa komeo kwa uzito wake wote. Wapi. "Bosi, haligeuki. Hili limebanwa kutoka ndani."

"Tia bomba." Yaani bomba la chuma livishwe kwenye mkono wa komeo, kuongeza nguvu ya kusukuma.

"Bosi..."

"Tia bomba, bwana! Hata mwaka jana liligoma hivihivi, tukatia bomba, likakubali."

Dereva alikuwa bado anapiga honi. Ila mimi nililisikia lile neno, nikaona na Baba Mapacha amelisikia, maana mkono wake ulibaki hewani.

"Mwaka jana lini, bosi?" nikauliza.

Msimamizi akanigeukia. "Dada, nenda kwenye bitana zako."

"Mwaka jana lini liligoma?"

Ndipo mashine ilipozimika. Wasiowahi kufanya kazi yadi hawawezi kuelewa. Mashine ile haizimwi katikati ya kujaza, na ikizimwa unasikia mpaka ndege juu ya paa. Kimbunga alikuwa ameshuka, ametoa vile vizibo vyake vya masikio, ameviweka mfukoni. Akaongea kwa sauti yake ileile ya kugombana, yadi nzima ikasikia.

"Mlango mmoja! Kijana alifungua mlango mmoja, wa kulia, kama alivyofundishwa. Komeo liligoma. Vyuma vilikuwa vitatu. Alikwambia havitoshi, ukamwambia tia bomba. Nilikuwa nimesimama pale!" Akanyoosha kidole mahali penyewe, saruji tu, hakuna alama.

"Washa mashine," Msimamizi akasema.

"Siwashi."

"Nimesema washa!"

"Na mimi nimesema siwashi!"

Msimamizi akamgeukia Baba Mapacha, akamnyooshea lile bomba. Baba Mapacha aliangalia bomba, akaangalia ule mpira uliovimba, akarudi nyuma. "Bosi, nina mapacha," alisema. Hakuwa anatania.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Mimi si mtu wa makelele, hata sokoni nabebeshwa nyanya mbovu nanyamaza. Nilimwendea Msimamizi, nikaliondoa bomba mikononi mwake, taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, nikatembea nalo. Nilivuka uwanja wote na soksi zangu zilizotoboka, nimelikumbatia, hadi getini. Nikaketi hapo kwenye jiwe, bomba magotini. Mlinzi akaniuliza, "Dada, unasubiri nani?" Nikamwambia sisubiri mtu.

Foklifti mbili ziliegemezwa kwenye milango ili isifunguke. Jioni wakaja mafundi, wakakata paa la kontena, mahindi yakanyonywa kwa juu. Kwa hiyo inawezekana. Kumbe ilikuwa inawezekana! Paa la bati lingekatwa mwaka jana, mdogo wangu angekuja nyumbani na kuacha mlango wazi.

Ijumaa, 18 Julai

Hakuna aliyesimama mlangoni leo. Wote wamesema mpaka vyuma vitano.

Jioni Kimbunga alikuja nyumbani. Alibisha hodi kwa nguvu ya mtu asiyejisikia. Mama alimkaribisha kiti, akakataa, akaketi kwenye mkeka.

Nilimwomba azungumze polepole. Akajaribu. Hawezi. Masikio yale hayampi kipimo, kwa hiyo habari ya mdogo wangu ilitangazwa mtaani, majirani wakaacha kutwanga na kufua, mtoto wa chumvi akaja kusimama dirishani.

"Mama, alifungua mmoja!"

Mama alimsogezea kikombe cha chai.

"Alimwambia bosi vitatu havitoshi. Akaambiwa afungue. Basi akanigeukia, akaniambia, 'Kaka, sogea.' Mimi ndiye niliyekuwa upande wa mlango, mama. Nilisogea. Ndipo akashika bomba."

"Alikwambia usogee," Mama alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ukasogea, ukanyamaza mwaka mzima."

"Nilitishiwa kufukuzwa kazi. Kisha kila siku ikawa ngumu kuliko jana yake. Nawezaje kuja kwako nikwambie niko hai kwa sababu ya mwanao, na sijamtetea?"

Nilingoja Mama amfukuze, na mimi nilikuwa tayari kumfungulia mlango. Alimtazama kwa yale macho yake yanayoona nusu.

"Chai yako inapoa," alisema.

Si msamaha. Lakini Kimbunga aliinywa yote, na machozi yake, na alipotoka nilimwambia, "Kaka, njia ina mashimo, angalia."

Jumamosi, 19 Julai

Vyuma vipya vimefika! Lori zima. Vilikuwa "njiani" tangu mwaka jana, leo vimejua njia. Nimeviangalia vikishushwa nikatamani kuvitapikia.

Msimamizi bado ni msimamizi. Hakuna mtu wa ofisini aliyekuja hata kusema pole.

Jumatatu, 21 Julai

Mama aliamka kabla yangu. Alikuwa amevaa viatu vyake vya safari.

"Unakwenda wapi?"

"Nakwenda kazini kwenu. Si mnaambiwa maneno kila asubuhi? Nataka kuyasikia."

Nilimshika mkono njia nzima. Tulipofika, watu walikuwa wameshapanga mistari. Wakatuachia nafasi mbele. Wale vijana wa yadi walimwamkia mmoja mmoja, naye akawaitikia mmoja mmoja, marahaba, marahaba, marahaba baba.

Msimamizi alitoka, akamwona, akasita. Kisha akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia.

Sijawahi kuona salamu ikiachwa hewani namna ile. Baba Mapacha alikohoa. Msimamizi alibaki ameinama kidogo, hajui anyooke au arudie.

"Endelea, baba," Mama alisema. "Usinijali. Nimekuja kusikia."

Akaanza. Kofia. Foklifti. Akapangusa kipaji cha uso.

"Na mlangoni?" Mama akamuuliza.

"Mlangoni... vyuma vitano. Bila vitano hakuna kujaza, hakuna kufungua."

"Na mwanangu?"

Alijitazama viatu. Kile kidole chake kilichopinda kilikuwa kinachezacheza kwenye mshono wa suruali. "Alifungua mlango mmoja," akasema.

"Macho yangu ndiyo mabovu, baba, masikio mazima. Lakini hawa wa nyuma hawajasikia."

"Alifungua mlango mmoja! Vyuma vilikuwa vitatu. Mimi ndiye niliyesema afungue."

Mama alitikisa kichwa polepole, akanishika mkono, tukageuka. Nilimsindikiza hadi barabarani.

"Mama, hukuitikia shikamoo yake."

"Na yeye asubiri," alisema.

Ijumaa, 1 Agosti

Mahindi yanakaribia kwisha. Vyuma vitano kila kontena. Asubuhi ni kofia, foklifti, vyuma, basi. Bado nikimwona Msimamizi damu inanichemka, na sidhani kama nataka ipoe.

Upepo ulianza jioni. Nilipoingia nyumbani nilikuwa nimebeba mzigo mikono yote miwili, mlango ukabaki nyuma yangu unapigapiga ukuta. Niliweka mzigo chini nikarudi kuufunga.

Mama alikuwa anamenya viazi. Hakuinua uso.

"Uache," alisema. "Mkia wake bado uko nje."